Udongo wa Mtambwe

Kwetu Makunduchi shamba halikuwa la kulima, lilikuwa la kutafuta. Ncha ile ya kusini-mashariki ya Unguja ni jiwe: matumbawe yaliyokuwa chini ya bahari enzi hizo, bahari ikashuka, mwamba ukabaki juu, na mvua ya maelfu ya miaka ikautafuna mpaka ukawa vishimo na makali ya kukata nyayo. Udongo uliopo ni ule uliojikusanya ndani ya vishimo hivyo, mwekundu, mzuri kwa kweli, lakini wa kukomba kwa viganja viwili. Bibi yangu, mzaa baba, akienda shamba huchukua panga, kijembe kifupi na mtaimbo. Jembe la mpini mrefu tulikuwa nalo. Likilala nyuma ya mlango, na majirani wakija kuliazima kuchanganyia chokaa.

Alikuwa akifyeka kichaka kabla ya masika, akikiacha kikauke, akikichoma, kisha akizunguka na mbegu ndani ya kifuu. Kishimo hiki mtama, kile kunde, kile mbaazi, na kilicho chembamba kabisa pilipili. Hapakuwa na mstari hata mmoja, na mgeni angeweza kudhani mbegu zimemwagika tu. Baada ya misimu miwili mitatu udongo huchoka, Bibi huhama, kichaka hurudi, naye hurudi miaka kadhaa baadaye akikifahamu kila kishimo kilipo. Pande zote alijenga ukuta wa mawe aliyoyang'oa mwenyewe, kuzuia nguruwe mwitu. Mawe hayakukosekana.

Yaliyokosekana ni maji. Si kwamba mvua haikunyesha. Ilinyesha, tena masika ya siku zile yalikuwa masika. Lakini jiwe la matumbawe limejaa matundu. Mvua ya alfajiri ikifika adhuhuri haipo tena juu, imezama chini kabisa, imekutana na maji ya bahari huko, na ndiko tulikokuwa tukiyafuata, mapangoni, tukiyachota yakiwa na munyu kidogo. Kwetu hakuna mto, wala kijito. Mtoto wa Makunduchi aliweza kufika shule bila kuona maji yakipita juu ya ardhi, ukiacha yale ya bahari.

Mjini walikuwa na maelezo yao. Siku moja muuza duka mmoja wa Darajani, huku akimpimia baba yangu sukari, alisema watu wa kusini wangelikuwa na pesa kama wangelipanda mikarafuu kama wenzao, badala ya kushinda na madema ya samaki. Ati ni uvivu. Baba hakumjibu. Alikuwa na deni pale dukani.

Ami yangu alikuwa ameoa Pemba, kijiji cha Mtambwe, wilaya ya Wete, akahamia huko kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, msimu mmoja mkubwa wa karafuu, alileta salamu kwamba mikono haitoshi, na yeyote anayeweza kupanda mti aende. Mimi nilikuwa na miaka 13 na miti nilikuwa nikiipanda bila ya kuitwa. Mama mdogo akafunga safari, nami nikafungwa pamoja na mizigo. Tukapanda meli ya Mapinduzi usiku, tukashuka Mkoani, kisha gari ya mbao ikatupeleka kaskazini kwa njia isiyokwenda sawa hata hatua 100. Kilima, bonde, kilima, bonde. Kwetu ukisimama juu ya ukuta wa nguruwe unaona mbali mpaka minazi ya ufukweni. Pemba nilikuwa nikiona kilima cha mbele tu, na chote kimevaa miti ile ile, mirefu, myembamba juu, majani yanang'aa. Kabla hatujafika Chake Chake pua ilikuwa imekwisha kupata harufu, maana kila penye uwa uliofagiliwa karafuu zilikuwa zimeanikwa, na mahali pengine zimeanikwa ukingoni mwa barabara yenyewe.

Lakini kilichonishangaza Mtambwe haikuwa karafuu. Asubuhi ya pili nilimkuta Ami ndani ya shimo. Alikuwa akichimba choo kipya nyuma ya nyumba. Kwanza nilikiona kichwa chake, kisha hata kichwa hakikuonekana, udongo tu ukipandishwa kwa ndoo. Nikachungulia.

"Ami, jiwe liko wapi?"

"Huku hakuna jiwe, mwanangu. Kisima kile cha mkwe wangu nimechimba mimi, pima tano, jiwe sikuliona."

Nilikaa pale ukingoni kutwa nzima kumtazama mtu akizama ardhini bila mtaimbo. Udongo wa juu ulikuwa wa kahawia, chini yake mwekundu uliochanganyika na mchanga, chini zaidi wenye mabaka ya kijivu na unyevu, ijapokuwa mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku nyingi. Makunduchi kuchimba kaburi ni kazi ya vijana wa mtaa mzima na mitaimbo yao. Pale mtu mmoja alichimba choo kabla ya laasiri, akaoga, akaenda msikitini.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma sababu yake. Vilima vya Pemba ni mchanga na udongo wa mfinyanzi uliotuama chini ya bahari mamilioni ya miaka kabla matumbawe yetu hayajajengeka, kisha ukainuka na kuoza taratibu. Kisiwa chenyewe kilitengana na bara zamani sana. Mkondo ulio baina yake na Tanga una kina cha mita zipatazo 800, wakati ule wa Unguja na Bagamoyo ni maji mafupi, na zama za barafu mtu angeliweza kuuvuka kwa miguu. Unguja nayo ina vilima vya namna hiyo, upande wa magharibi, Kizimbani, Kidichi, Dole, mpaka Donge huko. Mashariki na kusini ndiko kwenye uwanda na maweni. Wazee wa Unguja wana majina yao kwa kila udongo, kichanga, kinongo, kinamo, uwanda, maweni, na wataalamu wa kilimo wa zama za Waingereza walipochora ramani za udongo waliyachukua majina hayo hayo. Mwenye duka wa Darajani angelimuuliza Bibi, angelichorewa ramani hiyo kwa kidole juu ya sukari yake.

Mkwewe Ami, ambaye sote tulimwita Babu, alikuwa mwenye shamba. Mzee mfupi, mkali wa kazi, asiyependa mtu avunje tawi. Mkarafuu huvunjika upesi, na tawi likivunjika mchumaji hushuka nalo. Kila msimu husikika habari za watu waliovunjika mguu au mgongo, na wengine hawakuamka. Kwa hiyo somo la kwanza lilikuwa pa kukanyaga, karibu na shina, na kamba kiunoni. La pili lilikuwa cha kuchuma. Karafuu ni ua lisilofunguka. Vishada vikiwa bado vya kijani ni mapema; vikigeuka manjano na kuingia wekundu kidogo ndiyo siku yake; ukichelewa ua linachanua, linadondosha kichwa, na thamani inakwenda nacho. Mti mmoja haukomai mara moja, basi utaupanda leo, na utaupanda tena baada ya wiki, na tena.

Jioni tulikaa kwenye majamvi kuchambua. Unashika kishada, unakizungusha juu ya kiganja, karafuu huku, makonyo kule. Vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Malipo ni kwa pishi, na pishi ya Babu ilijazwa mpaka ikawa na kilima. Mama mdogo alimwambia waziwazi kuwa pishi hiyo ina mimba. Wanawake wakacheka, Babu naye akacheka, kilima kikabaki pale pale.

Asubuhi zinaanikwa. Jua likiwa kali siku nne zinatosha, zinakuwa nyekundu iliyoiva kuelekea weusi, ukiivunja moja inalia. Kilo 3 mbichi zinarudi kuwa kilo 1 kavu. Jua likikosekana zinachacha, zinapauka, na mnunuzi anazishusha daraja. Ndiyo maana nyumba nzima ilikuwa na sikio moja angani, na mtu akipiga kelele "Mvua!" hata aliyekuwa anasali huharakisha. Hapo ndipo nilipomuuliza Babu swali lililokuwa likinisumbua: mbona mti wa mvua, lakini mwenye mti anaikimbia mvua?

Akanijibu kwa utaratibu, kama aliyewahi kuulizwa hilo na watu wakubwa zaidi yangu. Mkarafuu, alisema, unataka maji chini na jua juu. Una mizizi mingi ya juu juu inayokula masika na vuli, na una mizizi inayoshuka. Ile inayoshuka ndiyo inayouvusha kiangazi. Ikikuta jiwe, haishuki, mti unaishi miezi ya mvua tu. Tena ukiupanda bondeni, maji yakasimama, mizizi inaoza na mti unakufa umesimama. Tazama mwenyewe, akaniambia, akinionyesha: mlimani mikarafuu, bondeni mpunga. Hakuna mtu Pemba aliyegeuza utaratibu huo akala. Kisha mkarafuu unautaka ule wakati wa ukavu baada ya masika, ndipo utoe vishada. Mvua ikinyesha mwaka mzima bila kukatika, mti unashughulika na majani.

Ukiyaweka maneno ya Babu pembeni ya vitabu, tofauti si kubwa. Kwa takwimu zinazotajwa siku zote, Pemba hupata mvua ya wastani wa milimita 1,900 kwa mwaka na Unguja 1,600, na kusini na mashariki ya Unguja hupungukiwa zaidi. Vitabu vinaongeza jambo moja ambalo Babu hakuwa na haja nalo kwa kuwa hakuwa na mawe: jiwe la matumbawe ni chokaa, na udongo wenye chokaa nyingi hukifunga chuma kisiweze kunyonywa na mizizi. Mti unakuwa na njaa wakati chakula kimo ndani ya sahani.

Jambo hilo nililiona kwa macho kabla sijalisoma. Mbegu ya karafuu haivumilii safari, ikikauka imekufa, hupandwa ingali mbichi. Kwa hiyo tulipoagana Ami alimpelekea mama yake miche mitatu ndani ya makopo ya samli, kila mmoja na udongo wake wa Mtambwe. Bibi alikwisha kujua mwisho wake, nadhani, lakini zawadi ya mtoto haikataliwi. Aliichagulia vishimo vitatu vikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, karibu na migomba michache iliyokuwa uani, akaifunika kwa makuti, akaimwagilia maji ya pangoni. Mmoja ulikufa upesi. Miwili ikapita masika ikiwa mizuri, na majirani wakaja kuitazama. Kisha mizizi ikamaliza udongo wa Mtambwe, ikaingia kwenye wa kwetu, na majani mapya yakatoka ya manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Kiangazi cha mwaka uliofuata kilimaliza kazi. Bibi aling'oa vijiti, akapanda pilipili, na pilipili zile zilizaa hasa.

Mti wenyewe ni mgeni kote kuwili, na hilo watu husahau. Asili yake ni visiwa vichache vya Maluku, Ternate, Tidore na majirani zao, visiwa vya volkeno, udongo mrefu, bahari pande zote. Waholanzi walijaribu kuuweka chini ya ulinzi, wakikata miti iliyo nje ya visiwa walivyovichagua, ili bei ibaki mikononi mwao. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyetuma watu wakaiba miche, ikafika Mauritius mwaka 1770, ikaenda Réunion, na kutoka huko, mwanzoni mwa karne ya 19, Mwarabu mmoja wa Oman, Saleh bin Haramil, akaileta Unguja. Ilipandwa Mtoni na Kizimbani, yaani penye udongo mrefu. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa zama hizo, alipoona inakubali aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Madagaska nayo iliipata, na huko imestawi pwani ya mashariki, kwa sababu huko mashariki ndiko upepo unakomwaga mvua. Basi mashariki si mkosi. Kila kisiwa kina upande wake.

Na upepo huo huo una habari nyingine. Kwa muda mrefu karafuu ilikuwa mali ya Unguja, Pemba ikifuata nyuma. Aprili 1872 kimbunga kikapiga Unguja, kikalaza sehemu kubwa ya mikarafuu, meli zikavunjika bandarini. Pemba kikaipita pembeni. Wenye mashamba waliobaki na miti ni wa Pemba, bei ikapanda, watu wakapanda zaidi huko, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa zaidi ya robo tatu ya karafuu za Zanzibar. Mtu akiniambia leo kwamba udongo ndio ulioamua yote, namkumbusha upepo ule. Udongo ulifungua mlango, lakini Kizimbani nako mlango ulikuwa wazi.

Siku moja ya mapumziko Ami alitupeleka Micheweni kufuata samaki wakavu. Tulikwenda kaskazini-mashariki, na kila tulivyosogea vilima vilikuwa vinashuka, mikarafuu ikipungua, mara minazi, mara hata minazi ikawa michache. Kisha nikasikia sauti niliyoifahamu: magurudumu juu ya jiwe. Nikatazama nje. Vichaka vifupi, kuta za mawe, mbuzi, vishimo vyenye mtama. Nilidhani gari imetupitisha chini ya bahari na kututoa Makunduchi. Mama mdogo akasema kwa sauti, "Ala! Kumbe na wao wanako kwao." Watu wa huko ni wavuvi na wafugaji, na msimu ukifika walikuja Mtambwe na Wete kuchuma karafuu za wenzao kwa pishi, kama sisi. Kule Unguja tulikuwa tumekwisha kuzoea kusema "Mpemba" kwa maana ya mtu mwenye karafuu.

Tulipokuwa tunarudi Ami alizungumza neno ambalo sijaacha kulifikiria. Alisema: ardhi ya karafuu ina wapenzi wengi. Kwetu, baina ya Wahadimu, wazee walikuwa wakisimulia jinsi watu walivyosukumwa kutoka magharibi, mashamba yalipohitajika, mpaka wakabaki na mawe, kwa kuwa mawe hayakuwa na mtu aliyeyataka. Karafuu ilipostawi ndipo walipoletwa watumwa kwa maelfu kuihudumia, na hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka 1897. Pemba wenyeji walipata kushika mikarafuu yao wenyewe kuliko ilivyokuwa Unguja, hilo ni kweli. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yaligawiwa, eka tatu tatu. Lakini mnunuzi akawa mmoja, serikali, na bei ikawa inasomwa kutoka kwenye karatasi. Wakati nilipokuwa Mtambwe sehemu ndogo tu ya bei ya nje ndiyo iliyomfikia mwenye mti. Usiku tulisikia habari za majahazi yaliyotoroka na magunia kwenda pwani ya Kenya, na adhabu zilizowapata waliokamatwa. Babu alikuwa na mikarafuu ya kutazama mpaka shingo ichoke. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imeezekwa makuti, mlango wa mbao wenye komeo la kijiti. Ya Bibi yangu ilikuwa ya mawe na chokaa, imeezekwa makuti, mlango wa mbao wenye komeo la kijiti.

Nimewasikia mabwana shamba, watu waliosoma, wakisema zao hili linafaa hapa na lile linafaa pale, na hapo wanakomea. Zao kustawi ni jambo moja na watu kustawi ni jambo jingine. Karafuu ilistawi Mtambwe miaka 100 na zaidi kabla Babu hajaweza kununua bati. Tena miaka ya 1980 Waindonesia, ambao kwa muda mrefu walikuwa wateja wetu wakubwa kwa ajili ya sigara zao za karafuu, walijitosheleza kwa miti yao wenyewe, na bei ikaanguka bila hata jani moja la Pemba kugeuka rangi. Watu wakaacha kupalilia. Wengine wakakata miti wakachoma makaa. Udongo ulikuwa ule ule, na mvua ile ile.

Huku kwetu, zamu ikageuka. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mwani unataka maji ya bahari safi, yenye chumvi isiyopungua, maji mafupi yaliyokingwa na mwamba, mchanga mweupe chini. Mto ukimwaga maji baridi na tope hapo, mwani unakufa. Nani asiye na mto? Sisi! Jiwe lililokuwa likiyanywa maji ya mashamba ya Bibi ndilo lililokuwa likilinda maji ya mwani, na kina mama waliokuwa wakisubiri pesa za dema wakaanza kushika zao wenyewe, wakasomesha watoto, wakaezeka bati. Huko Pemba mwani ulikubali mashariki, Micheweni ikiwamo. Pwani ya Mtambwe ina mikoko na matope. Haukutiwa hata kamba moja.

Sikusudii kusema mwani ni fidia. Bei yake nayo husomwa kutoka kwenye karatasi, na kazi yake inavunja kiuno. Tena kuanzia miaka ya 2000 bahari imekuwa na joto kupita ilivyokuwa, na ile aina nene yenye bei nzuri, kotonii, imekuwa ikioza kambani kabla haijakomaa. Iliyobaki ni spinosamu, ngumu zaidi, nafuu zaidi. Wakulima wa Paje wanajaribu kuihamishia kotonii kwenye kina kirefu kunako maji ya baridi, na kwa hilo inabidi mtu ajue kuogelea au awe na ngalawa, vitu ambavyo wanawake wengi wa kwetu hawakufundishwa wala hawakurithi. Mahali hapahami, lakini hali ya mahali inahama.

Mtambwe nimekwenda tena juzi juzi. Babu na Ami wamekwisha kufariki. Shamba analo binamu yangu, mtoto wa Ami, ambaye ana mjukuu sasa. Mikarafuu mingi tuliyoipanda tukiwa watoto ni visiki; mingine uzee, mingine ule ugonjwa unaoukausha mti mzima kwa muda mfupi, ambao umeisumbua Zanzibar tangu zama za Waingereza. Serikali hugawa miche bure, na mwaka 2011 iliamua mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya nje, kwa hiyo watu wameanza kupanda upya. Binamu alikuwa amechimba mashimo mapya kilimani, futi mbili kwenda chini, na kila shimo mgomba pembeni wa kuutia mche kivuli. Aliniambia vuli siku hizi haijulikani inaanza lini, na mara mbili imemkuta karafuu zikiwa juu ya jamvi katika mwezi ambao baba yake asingeliweka hata sikio angani. Mche huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Yeye amepita 60. Amepanda zaidi ya mia.

Siku ya kuondoka alinitolea makopo manne, miche imenawiri, udongo umeshindiliwa vizuri. "Chukua, ukapande kwa Bibi," akasema, na usoni alikuwa akicheka, maana habari ya ile mitatu ilifika Mtambwe zamani na hutajwa kila arusi. Nikamwambia aitie kwenye mashimo yake, mimi anipe ule mkungu wa mkono wa tembo uliokuwa umeegemezwa mlangoni. Tukaanza kubishana juu ya bei.